Riali Kumi na Nane

Nimefika Nizwa saa saba mchana, mwezi wa Julai,
saa ambayo hata paka wamefunga maduka.
Mkononi karatasi: majina manne ya nyumba za wageni,
mwandiko wa Salama, binti wa dada,
aliyeniapia kwamba kwa riali kumi na nane
mtu mzima analala vizuri, na chai juu.

Ya kwanza imejaa. Wanunuzi wa mbuzi
wamewahi mnada wa Ijumaa;
kijana wa mapokezi akanionyesha viatu vyao mlangoni
kama mtu anayetoa ushahidi.
Ya pili ina chumba, tena kwa kumi na mbili,
ila dirisha limetazama ukuta
na shuka lina ramani ya nchi nisiyoijua.
Rahisi ghali, nikajisemea, nikashuka ngazi,
sanduku nyuma yangu, tu, tu, tu, kama mdai.

Ya tatu sikuitafuta.
Nilipotea nyuma ya ngome, ndani ya mji mkongwe,
kichochoro kikabana hadi mabega yangu yakapata vumbi
pande zote mbili,
na mbele ya kizingiti cha mlango mmoja
mfereji umekatiza, maji yakijisemea.

Bibi yangu alizaliwa juu ya maji.
Ndivyo alivyosema, jikoni kwetu Pangani,
akichambua mchele: nyumba yetu Nizwa ilikuwa na mto mlangoni,
ukitoka bila kutazama, umelowa.
Tulicheka. Mto, jangwani?
Alikufa sisi bado tunacheka.

Msichana wa mapokezi akanimiminia kahawa,
tende tatu kisahanini.
"Usiku mmoja, mama? Hamsini na tano.
Chumba cha juu kinaona ngome.
Kuta tumezikandika kwa udongo ule ule."
Nikauliza, kwa Kiarabu changu cha madrasa, nyumba ya nani.
Ya kampuni.
Na kabla ya kampuni?
Akafikiri kwa adabu.
"Watu," akasema.

Hamsini na tano mara shilingi zetu.
Nilianza kuzidisha, nikaachia njiani
kama mtu aliyekumbuka jiko linawaka nyumbani.
Mjukuu anaulizia bei ya kulala kwao,
na kwao ni ghali.

Na huenda si kwao. Niseme kweli:
nilipotoka nilihesabu milango ya kichochoro kile,
mitano ina maji mbele yake.
Bibi hakusema wa ngapi.

Ya nne ipo barabara ya Firq, juu ya duka la matairi.
Mwenyewe, Bi Zuwena, miwani imefungwa kwa uzi,
alinisikia nikilitukana sanduku, akajibu kwa Kiswahili,
Kiswahili cha Unguja ya zamani, kimekunjwa vizuri,
kama kanga iliyowekwa na karafuu:
"Usilitukane, limekubebea nguo."
Ishirini na mbili, akasema. Kumi na tano, nikasema.
"Hee! Kwa kumi na tano utalala ndani ya tairi."
Tukavutana mpaka chai ikapoa.
Akaniulizia watu wangu, nikamwulizia miguu yake,
na bei ikashuka bila mtu kuisukuma.
Kumi na nane.

Kiyoyozi kinakohoa, lakini shuka ni jeupe
na sabuni haijaanzwa.
Ukichungulia dirishani upande wa kushoto, ukajinyoosha,
ngome unaipata, ukubwa wa kidole gumba.
Hiyo haikuwemo kwenye bei.

Kabla ya alfajiri nikarudi kichochoroni na kandambili.
Mlango wa kwanza nikatia mguu. Baridi.
Wa pili. Wa tatu.
Kwenye wa nne mlinzi akakohoa:
"Mama, umepotea?"
Sikupata jibu fupi.
Nikaurukia wa tano haraka, nusu ya kisigino tu.

Bi Zuwena alikuwa ukumbini na tasbihi.
Akatazama sakafu yake, kisha akanitazama mimi.
"Umetoka wapi na maji yote haya?"
"Nyumbani," nikasema. "Moja kati ya tano."
Akaninyooshea tambara
nipanguse.